AJALI INA KINGA: NANI MSIMAMIZI WA MCHUMAJI WA KARAFUU?

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni wiki iliyopita. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)

Ndugu wasikilizaji, kazi nyingi tunazijua kwa matunda yake. Seremala akimaliza kazi utaona kitanda. Mwashi akimaliza utaona ukuta. Lakini iko kazi moja ambayo ikifanywa vizuri hakuna kinachoonekana: hakuna aliyeanguka, hakuna aliyekatika mkono, hakuna mke aliyebaki mjane. Hiyo ndiyo kazi ya mshauri wa usalama na afya kazini. Huitwa kiwandani, bandarini, au penye jengo linalopandishwa. Hutazama mashine, ngazi, waya za umeme, vumbi na kelele. Huwauliza wafanyakazi wanavyofanya kazi yao. Kisha humwandikia mwenye kazi kwamba hapa pana hatari, na njia ya kuiondoa ni hii.

Watu wa mjini humfahamu mtu huyu kwa kofia yake ngumu na daftari lake. Wenye mali wengine humwona msumbufu anayekuja kuwaongezea gharama. Leo nataka tumtoe mjini, tumvushe bahari, tumpeleke Ole, kisiwani Pemba, tuone atakuta nini.

Ole ni katika Wilaya ya Chake Chake, Mkoa wa Kusini Pemba. Ni nchi ya vilima na mabonde: bondeni mpunga, mlimani mikarafuu na minazi. Hakuna dohani la kiwanda wala king'ora cha kuwaita watu kazini. Lakini msimu wa karafuu unapofika, Ole na vijiji vyote vya jirani hugeuka kuwa mahali pa kazi pakubwa. Wanaume na vijana hupanda juu, wanawake huchuma matawi ya chini na kuchambua, watoto huokota zilizodondoka. Karafuu na makonyo hutenganishwa, na karafuu huanikwa juani juu ya majamvi mpaka zikauke.

Tuitazame kazi yenyewe. Karafuu tunayoitia kwenye pilau si tunda wala si mbegu. Ni ua ambalo halijachanua. Likishachanua, thamani yake imekwisha. Kwa hiyo huwezi kungoja zidondoke, wala huwezi kuutikisa mti kama unavyotikisa mwembe. Lazima mtu apande, achume kishada kimoja kimoja kwa mkono, tena ahimize kabla wakati haujapita.

Sasa mti wenyewe. Mkarafuu uliokomaa hufika mita 10 hadi 15, na mingine huzidi hapo. Matawi yake ni mepesi kuvunjika. Aidha, vishada vingi hukaa nchani mwa tawi, mahali pale pale ambapo tawi ni jembamba kabisa. Mchumaji hukanyaga tawi moja, hushika la pili, na kwa kigoe au kamba huvuta la tatu. Mvua za vuli hunyesha katika miezi hiyo hiyo ya kuchuma, na gome likiloa huteleza. Juu ya hayo, mikarafuu ni makazi ya wale siafu wekundu tunaowaita maji moto. Mtu aliyening'inia mita 10 juu ya ardhi akiumwa na maji moto shingoni, mkono huachia wenyewe kabla akili haijatoa amri.

Halafu malipo. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Akichuma pishi nyingi hupata nyingi, akichuma chache hupata chache. Hakuna pishi ya tahadhari. Kila dakika anayotumia kulijaribu tawi kabla ya kulikanyaga ni dakika ambayo halipwi.

Mtu anapoanguka, husema wenzake: "Ajali haina kinga." Huo ndio msemo ninaotaka tuupime leo kwa mizani ya historia. Maana ikiwa ajali haina kinga, basi huyu mshauri wa usalama anakula mshahara wa bure. Na ikiwa ajali ina kinga, basi liko swali zito zaidi: kwa nini kwa miaka karibu 200 mchumaji wa karafuu hakuipata?

Karafuu si mti wa asili ya visiwa vyetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, nchi ambayo leo ni Indonesia. Ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Katika enzi ya Seyyid Said mashamba yalipanuka upesi, na waliolima, waliopalilia na waliopanda miti hiyo kuchuma walikuwa watumwa.

Mashamba hayo yalikuwa na utaratibu wa usimamizi. Palikuwa na msimamizi wa shamba, chini yake nokoa, na chini ya nokoa, kadamu. Zingatieni majina hayo, kwa sababu yanatuambia jambo. Shamba la karafuu lilikuwa na watu wa kusimamia kazi tangu siku ya kwanza. Nokoa alijua mti upi umechumwa na upi haujachumwa. Kadamu alijua nani amechelewa. Walisimamia karafuu. Aliyesimamia mwili wa mchumaji hakuwapo, isipokuwa kwa maana ya kuhakikisha kwamba mwili huo haupumziki.

Mwezi Aprili mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikudhurika sana. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala la karafuu, na mpaka leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Kwa hiyo mzigo wa kupanda miti nao ulihamia huko. Kimbunga cha siku moja kiliamua kwamba wajukuu wa watu wa Ole, Kangagani, Wete na Mkoani ndio watakaokuwa juu ya miti.

Sasa tufike mwaka 1897, mwaka ambao ningependa kila mwanafunzi wa historia aukumbuke kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza inajulikana. Tarehe 6 Aprili 1897, Seyyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza, alitia saini amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Amri ile ilizungumzia fidia. Lakini fidia ya nani? Haikuwa fidia ya yule aliyevunjika mgongo katika kazi ya bwana wake. Ilikuwa fidia ya bwana, kwa kupoteza mtumwa aliyekuwa akimmiliki kihalali. Katika hesabu za mwaka ule, aliyehesabiwa kuwa amepata hasara ni mwenye shamba.

Sababu ya pili haisemwi sana. Mwaka huo huo wa 1897, huko London, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa Kiingereza aliyeumia katika kazi zilizotajwa na sheria aliweza kulipwa na mwajiri wake bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba mwajiri alikuwa mzembe. Reli zilitajwa, viwanda vilitajwa, migodi ilitajwa. Yalitajwa pia majengo, lakini yale yenye urefu unaozidi futi 30, yanapojengwa au kukarabatiwa kwa jukwaa. Wakulima hawakuingizwa mpaka mwaka 1900.

Futi 30 ni kama mita tisa. Mkarafuu uliokomaa unazidi hapo. Hivyo serikali ile ile, katika mwaka ule ule, ilijua kwamba mtu anayefanya kazi juu ya futi 30 yuko hatarini na anastahili ulinzi wa sheria. Ilijua hivyo kwa mwashi wa Kiingereza. Kwa mchumaji wa Pemba, aliyekuwa ndio kwanza anatoka utumwani, ilijua thamani ya karafuu tu.

Hapa lazima tutazame dunia ilikuwa imefika wapi, ili asije mtu akasema kwamba zamani elimu hiyo haikuwapo. Mwaka 1700 daktari wa Kitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha huko Modena kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi. Aliwashauri matabibu wenzake kwamba mbali na maswali yao ya kawaida, wamuulize mgonjwa swali moja zaidi: unafanya kazi gani? Swali dogo, lakini lilizaa elimu nzima. Mwaka 1833 Uingereza iliteua wakaguzi wanne wa kwanza wa viwanda, na tangu hapo mkaguzi akawa na haki ya kuingia mahali pa kazi bila ya kuombwa. Mwaka 1884 Ujerumani ya Bismarck ilitunga sheria ya bima ya ajali za kazini.

Hata hivyo sheria peke yake haitoshi. Tarehe 25 Machi 1911, moto uliwaka katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Baada ya mazishi ndipo sheria za moto na za viwanda katika jimbo la New York zikatengenezwa upya. Ndivyo ilivyo historia ya usalama kazini kila mahali: sheria nyingi zimeandikwa baada ya maiti kuhesabiwa. Mwaka 1919 liliundwa Shirika la Kazi Duniani, na mwaka 1981 likapitisha mkataba wake namba 155 juu ya usalama na afya kazini. Mwezi Juni mwaka 2022 mkutano wake mkuu ukatamka kwamba mazingira salama ya kazi ni miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, sawa na haki ya kutolazimishwa kufanya kazi.

Turudi kwetu. Baada ya utumwa, wenye mashamba walikuwa na ardhi na miti lakini hawakuwa na watu wa kuwaamuru. Ikaja kazi ya mkataba, kisha kazi ya kibarua na malipo ya pishi. Mwaka 1927 kikaundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu. Jina hilo lisitupoteze: mkulima aliyekusudiwa ni mwenye shamba, si yule aliye juu ya tawi. Ukisoma historia ya karafuu ya miaka hiyo utakutana na bei, madeni ya wenye mashamba, ugomvi na wafanyabiashara wa Kihindi na mgomo wao wa kutonunua karafuu wa miaka ya 1937 na 1938. Mchumaji aliyeanguka hutamuona upesi. Karafuu zilipimwa na kuandikwa. Walioanguka walizikwa au walirudishwa kwao, wakabaki katika kumbukumbu za jamaa zao.

Bandarini mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mwezi Agosti 1948 makuli wa bandari ya Unguja waligoma, na mgomo wao ukawa mgomo wa mji mzima. Kuli mmoja husimama karibu na kuli mwenzake, wanaonana, wanasikilizana. Mchumaji wa karafuu yuko peke yake juu ya mti wake, na msimu ukiisha kila mmoja anakwenda kwao. Ni vigumu kuunda chama cha watu ambao kazi yao haidumu mwaka mzima.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Ardhi ikawa mali ya Serikali, na kuanzia mwaka 1965 wananchi wakaanza kugawiwa ekari tatu tatu. Katika mambo ya haki hilo lilikuwa jambo kubwa: mjukuu wa mtumwa akapewa miti ambayo babu yake aliipanda kwa kulazimishwa. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, likawa ndilo mnunuzi wa karafuu. Lakini katika miaka ya 1970, mavuno yalipokuwa makubwa, shule zilifungwa na wanafunzi wakapelekwa kambini kuchuma. Watu wa umri wetu na waliotutangulia wanazikumbuka kambi hizo. Wengine wanazikumbuka kwa furaha ya ujana, wengine kwa kovu. Mwenye miti alibadilika. Nokoa alibadilika akawa kiongozi wa kambi. Tawi la mkarafuu halikubadilika.

Na sheria za leo? Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya viwanda ya mwaka 1950, ambayo, kama jina lake linavyosema, ilitazama viwanda. Mwaka 2001 ukaanzishwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na mwaka 2003 ikatungwa sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 1950. Mwaka 2015 ukaanza kazi Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Zanzibar, kwa kuwa mambo ya kazi si ya Muungano, ilitunga zake: mwaka 2005 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Ajira namba 11 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini namba 8. Kwa hiyo sheria ipo, na idara ya kuisimamia ipo.

Lakini sheria za kazi zote huanza na swali moja: nani mwajiri? Kwa hoteli jibu ni rahisi. Kwa kiwanda cha makonyo cha Wawi, jirani tu na Chake Chake, jibu ni rahisi pia. Kwa shamba la karafuu hebu jaribuni kujibu. Shamba huenda ni la ekari tatu alizogawiwa marehemu mzee. Mavuno ya mwaka huu yamekodishwa kwa mtu mwingine. Huyo mkodishaji ameleta wachumaji, baadhi yao jamaa zake, baadhi wageni. Mchumaji hana karatasi yoyote. Karafuu zikikauka zinauzwa kwa shirika la umma. Kijana akianguka, mwenye ardhi atasema mimi nimekodisha. Mkodishaji atasema huyu si mwajiriwa wangu, nanunua pishi zake. Na shirika litasema sisi tunapokea karafuu kavu. Kila mmoja anasema kweli, na kijana yuko kitandani.

Ipo hatua iliyopigwa, na haki ni kuisema. Kwa sheria ya maendeleo ya karafuu ya mwaka 2014 kuna Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu, na ZSTC imekuwa ikitoa fidia kwa watu walioanguka mikarafuu. Ukikumbuka mwaka 1897, utaona umbali tuliotembea: fidia imetoka kwa bwana imemfikia mchumaji. Tusilidharau hilo. Hata hivyo fidia ni ya aliyekwisha kuanguka. Uti wa mgongo ukishakatika, hakuna noti inayouunga.

Ndipo tunapomhitaji yule mshauri wetu wa usalama. Akifika Ole atafanya nini?

Akiwa anaijua kazi yake, kwanza atanyamaza na kusikiliza. Mimi niliwahi kumuuliza mzee mmoja wa Ole, mchumaji wa tangu utoto, kama wao walikuwa na kinga yoyote. Alinijibu hivi: "Mwanangu, sisi tukifundishwa. Tawi hulikanyagi mpaka ulijaribu. Mti umeloa, unangoja jua liupige. Una njaa, hupandi. Una hasira na mkeo, hupandi. Na kupanda peke yako shambani, hilo halikuwapo." Nikamuuliza, "Na kamba, mzee, hamkujifunga kiunoni?" Akacheka. "Kamba ilikuwa ya tawi," akasema, "si ya mtu."

Wasikilizaji, katika maneno hayo machache pana sheria tano za usalama ambazo hazikuandikwa na mtaalamu yeyote, na pana pengo moja linaloeleza historia yote niliyoisimulia. Tulijua kulifunga tawi lisivunjike kwa sababu tawi lina mali. Hatukumfunga mtu.

Baada ya kusikiliza, mshauri atapanga kinga kwa daraja. Wengi hudhani usalama kazini huanzia kwenye kofia na viatu. Sivyo. Elimu hiyo hufundisha kwamba kofia ni ya mwisho. Daraja la kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe. Kwa karafuu maana yake ni mti mfupi: miche mipya, ambayo Serikali imekuwa ikiigawa bure kwa wakulima, ikatwe ncha na kutunzwa ingali michanga isikimbilie juu, ili miaka 20 ijayo mjukuu achume kwa ngazi ndogo. Hilo halimwokoi mchumaji wa leo, lakini ndilo dawa ya kudumu.

Daraja la pili ni kubadili njia ya kufanya kazi: ngazi ya miguu mitatu inayosimama yenyewe badala ya ile inayoegemezwa kwenye tawi, na kigoe kirefu cha kuvuta tawi kwa mtu aliye chini. Daraja la tatu ni kumtenga mtu na hatari: kamba ya mtu, iliyofungwa kwenye shina na si kwenye tawi, na mkanda wa mwilini wa kumshika akiteleza. Daraja la nne ni kupanga kazi: hakuna kupanda mti ulioloa, hakuna kupanda peke yako, hakuna mtoto juu ya mti, na malipo yawe na sehemu ya siku na sehemu ya pishi ili mchumaji asilazimike kushindana na saa. Daraja la tano ndilo la mavazi: viatu visivyoteleza, nguo nzito ya kumkinga na maji moto, na kofia.

Atasema pia jambo la baada ya ajali, na hili nalisema kwa kila anayenisikia kwa sababu linaweza kuokoa mtu hata kesho. Aliyeanguka kutoka juu asinyanyuliwe kwa kushikwa mabega na miguu, wala asiketishwe, wala asibebwe mgongoni. Kichwa, shingo na kiwiliwili vibaki katika mstari mmoja. Watu kadhaa wamlaze kwa pamoja juu ya kitu kigumu na bapa, hata mlango ukibidi, ndipo apelekwe hospitali. Mgongo uliopata ufa unaweza kukatika kabisa katika mikono ya watu wenye huruma.

La mwisho, ataomba daftari. Kila shehia iandike: nani ameanguka, siku gani, saa ngapi, mti wa urefu gani, ulikuwa umeloa au mkavu, tawi lilivunjika au mguu uliteleza. Ni lile swali la Ramazzini, limefika Pemba baada ya zaidi ya miaka 300. Shirika linalolipa fidia lina faida ya kuyajua hayo, maana anayelipa anguko ana sababu ya kulizuia. Karafuu zote zinapitia vituo vya kununulia. Mahali pale pale pa mizani panaweza kuwa mahali pa kukopeshea mkanda na ngazi, na pa kufundishia vijana kabla ya msimu.

Najua yatakayosemwa. Litasemwa kwamba vifaa ni ghali. Ni kweli si rahisi, lakini kijana aliyelala kitandani miaka 30 ni ghali zaidi, ila gharama yake hulipwa na mama yake na hivyo haiingii katika vitabu. Litasemwa kwamba mchumaji mwenyewe hatakubali kufungwa kamba. Makuli na waendesha pikipiki walisema hivyo hivyo kuhusu viatu na kofia. Tena itasemwa kwamba yote ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Naam, yote ni kudra yake. Lakini watu wa Pemba, ambao ni watu wa dini, wanajua kuliko mimi kwamba mwenye ngamia alitakiwa amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu.

Katika nchi ile ile ya Ole inaanzia barabara ya kwenda Kengeja. Kijana akipata kibarua cha kujenga barabara, mkataba wa ujenzi humtaka mkandarasi amvishe kofia na fulana inayong'aa. Kijana huyo huyo, msimu wa karafuu ukiingia, akivuka mtaro na kupanda mkarafuu wa mita 12, hakuna anayemuuliza chochote. Mtu ni mmoja, shingo ni moja, na urefu wa kuanguka ni mkubwa zaidi upande wa pili. Tofauti ni kwamba upande mmoja kuna mtu aliyetia saini kwamba anawajibika, na upande wa pili hakuna.

Na sisi wa mjini tusijitoe. Tunasema mchumia juani hula kivulini. Ukweli ni kwamba mara nyingi mmoja huchumia juani na mwingine akala kivulini. Karafuu imejenga majumba, imelipa mishahara ya serikali za kila aina, imesomesha watoto. Tunaitia katika pilau, katika chai, katika jino linalouma. Katika miaka hiyo yote, karafuu haikukosa msimamizi hata siku moja: bwana, nokoa, chama, shirika. Mchumaji ndiye aliyekosa.

Msemo wetu basi tuurekebishe. Ajali isiyotazamiwa haina kinga. Ajali inayojulikana mwezi wake, mti wake na tawi lake, hiyo ina kinga, na kuiita kudra ni kumsingizia Mungu uvivu wetu. Tukutane tena wiki ijayo, Inshallah.